Diski za breki: gari likitetemeka, likilia au likivuta upande, anzia hapa

Usukani ukicheza mkononi kila unapokanyaga breki, jibu la haraka utakalopewa ni kwamba diski zimepinda, ununue nyingine. Utanunua, gari litatulia, na baada ya kilomita elfu chache mtetemo utarudi vilevile. Nimeliona hilo kwenye magari mengi, langu likiwemo, na kila nilipochimba nilikuta diski imeharibiwa na kitu kingine ambacho kilibaki palepale wakati diski inabadilishwa: kutu nyuma yake, pini iliyokwama ya kalipa (kibano kinachozibana pedi, yaani vipande vya msuguano, kwenye diski inayozunguka na gurudumu), nati zilizokazwa ovyo. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa ni nini kimeiua diski hii.

Nimepanga mambo kwa dalili. Katika kila dalili nimetanguliza sababu inayoonekana mara nyingi zaidi na ukaguzi usiohitaji vifaa, halafu yale ya kina.

Kwanza, dalili ambazo hazina majaribio

Ukiona mojawapo ya hizi, gari lisiendeshwe tena. Fundi wa breki alifuate lilipo, au libebwe.

- Pedeli inazama polepole mguu ukiwa juu yake, au inafika sakafuni.
- Mafuta ya breki yanavuja: kuna unyevu upande wa ndani wa rimu au kwenye mpira wa breki, au kiwango kwenye kikopo kinashuka ndani ya siku chache.
- Taa nyekundu ya breki inawaka ilhali breki ya mkono imeachiwa.
- Chuma kinasaga chuma, na mguu unakisikia kwenye pedeli.
- Gurudumu linatoa moshi.
- Diski ina ufa uliofika ukingoni au uliotoboa upande wa pili.

Unachopaswa kujua kuhusu diski yenyewe

Diski ya gari la familia kwa kawaida ni chuma cha kusubu. Za mbele ni nene, sahani mbili zenye nafasi katikati za kupitisha hewa, kwa kuwa ukifunga breki uzito wa gari huelemea mbele na sehemu kubwa ya kazi hufanyika huko. Za nyuma mara nyingi ni sahani moja, na magari mengine nyuma yana breki za ngoma.

Ukingoni mwa diski, au kwenye kofia yake (ile sehemu ya katikati inayokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu), utakuta pamechapwa MIN TH na namba, tuseme 23. Huo ndio unene wa mwisho kwa milimita. Diski ikifika hapo inatoka, hata kama uso wake bado unang'aa. Watu hudhani diski ina nyama nyingi ya kuliwa, lakini kwa nyingi tofauti kati ya mpya na ya kutupa ni kama milimita 2 tu. Diski nyembamba hupata moto haraka, haina chuma cha kutosha cha kubeba joto, na hupasuka kirahisi.

Usipime kwa kubana ukingo kwa vernia ya kawaida (kipimio chenye taya mbili). Pedi haziufikii ukingo kabisa, kwa hiyo pale hubaki mdomo mnene, na vernia itapima mdomo badala ya sehemu iliyolika. Tumia maikromita (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa), ingia sentimita 1 hivi kutoka ukingoni, pima sehemu 8 kuzunguka diski na uandike kila namba. Namba ndogo kuliko zote ndiyo unayolinganisha na MIN TH. Tofauti kati ya kubwa na ndogo nayo itahitajika muda si mrefu.

Dalili: usukani au kiti kinatetemeka ukishika breki

Anza kwa kutenganisha mambo barabarani, mahali palipo wazi na pasipo na magari. Kama gari linatetemeka kwa mwendo fulani hata bila kugusa breki, acha diski. Angalia balansi ya matairi, tairi lililovimba au rimu iliyopinda. Kama linatetemeka kwenye breki tu, punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 30 na usikilize kwa mwili. Usukani ukicheza, tatizo liko mbele zaidi. Ukilihisi kwenye kiti na sakafu huku usukani umetulia, shuku nyuma.

Pedeli inayopiga mguu kwa kasi ukifunga breki ghafla kwenye kokoto au maji ni ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) inafanya kazi yake, wala si ugonjwa. Lakini ikipiga hivyo kwenye lami kavu, gari likikaribia kusimama, kwenye mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa, mtafute mwenye mashine ya kusoma sensa za magurudumu kabla ya kugusa diski.

Sababu inayoongoza ni *madoa ya pedi juu ya diski*. Umeteremka ukifunga breki kwa nguvu, ukafika kwenye taa, ukasimama huku mguu umekandamiza pedeli. Diski ina moto mkali, pedi imekaa sehemu moja, na kiasi cha pedi kinagandia pale. Kuanzia hapo sehemu hiyo inashika breki tofauti na nyingine, na mguu unalihisi kila diski inapozunguka. Chungulia kupitia matundu ya rimu, geuza gurudumu, utafute kivuli cheusi chenye umbo la pedi. Kama doa ni jipya, mara nyingi hufutika kwa kuzoeza breki upya (nimeeleza mwishoni namna ya kufanya). Likikataa, chuma kilicho chini ya doa huwa kimeshabadilika kwa joto na kuwa kigumu kuliko jirani zake. Msasa utaondoa rangi tu, na doa litarudi.

Ya pili ndiyo inayorudisha watu gereji bila kuelewa kwa nini: *diski haijakaa sawa kwenye habu*. Hapa nitakaa kidogo.

Nilifunga diski mpya za mbele kwenye gari langu, nikapangusa habu kwa kitambaa tu kwa sababu ilionekana safi. Kwa miezi kadhaa breki zilikuwa nzuri sana. Karibu na kilomita elfu sita usukani ukaanza kutetemeka, kidogo kidogo, kisha waziwazi. Nilipotoa diski ya kushoto nikakuta kwenye uso wa habu, katikati ya studi mbili (boliti za kukazia gurudumu zinazotoka kwenye habu), gamba la kutu lenye upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, limebanwa mpaka linang'aa. Nililing'oa kwa ncha ya bisibisi likatoka kipande kimoja, jembamba kuliko karatasi.

Fikiria hesabu yake. Uso wa habu una kipenyo cha sentimita 14 hivi na diski ina 28. Gamba la milimita 0.05 upande mmoja wa habu huiinamisha diski, na ukingoni ule mwinamo unakuwa mara mbili: milimita 0.1 za kuyumba. Watengenezaji wengi wanataka diski iliyofungwa garini isiyumbe zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.1. Diski inayoyumba haitetemeshi gari siku hiyo. Inachofanya ni kugusa pedi mara moja katika kila mzunguko, hata mguu ukiwa mbali na breki, na pale inapogusa inalika kidogo zaidi. Baada ya maelfu ya kilomita, unene wa diski hautakuwa sawa kuzunguka. Tofauti ya milimita 0.02 tu inatosha kuhisiwa na mguu wako. Ndiyo maana mtetemo huchelewa, na mtu husema aliuziwa diski mbovu, kumbe diski ilikuwa nzima siku ilipofungwa.

Ukiwa na zile namba 8 za maikromita, tofauti inayozidi 0.02 inakupa jibu. Kuyumba hupimwa kwa geji ya saa (kipimio chenye sindano inayoonyesha miyumbo midogo): diski ikiwa imekazwa kwa nati zote, ncha ya geji inakaa sentimita 1 kutoka ukingoni, na unazungusha diski taratibu. Ikiyumba, itoe, igeuze tundu moja la studi, ifunge tena na upime. Mwinamo ukihama pamoja na diski, kasoro ni ya diski. Ukibaki mahali palepale pa habu, kasoro ni ya habu au ya uchafu ulioko katikati.

Ya tatu ni ndugu wa hiyo: *nati za gurudumu zilizokazwa bila mpangilio*. Mashine ya upepo ikipiga nati moja hadi mwisho kabla ya nyingine kuguswa, habu na kofia ya diski hukazwa kwa kupishana. Mtetemo ulioanza wiki chache baada ya kuziba pancha au kubadili matairi unaonyesha huko. Legeza zote, kaza kwa mkono, kisha kwa kuvuka (nati moja, halafu inayoikabili), ukimaliza na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Magari mengi madogo yako kati ya Nm (nyutoni-mita) 90 na 120, lakini namba ya kufuata ni ya gari lako. Kama diski haijalika bado, hili peke yake linaweza kumaliza tatizo.

Halafu kuna kalipa iliyokwama, ambayo ina dalili yake hapa chini, na kuna bushi za mikono ya chini, tairodi na beringi (viungo vinavyoshikilia na kuelekeza gurudumu). Hizi za mwisho hazizalishi mtetemo wa breki, ila zikiwa zimechoka hukikuza kitu kidogo kikawa kikubwa. Ukibadili bushi peke yake mtetemo utapungua, na diski itaendelea kuharibika kimyakimya.

Diski iliyopinda kweli, kwa maana ya chuma kupinda, naiweka mwisho. Hutokea pale diski iliyopata moto kupindukia inapoingizwa ghafla kwenye maji mengi. Sikumbuki kukutana nayo zaidi ya mara chache sana.

Kuhusu kukereza (kunyoa uso wa diski kidogo ili uwe sawa): diski yenye unene usio sawa inaweza kukerezwa kwa mashine, kwa masharti mawili. Baada ya kukerezwa ibaki juu ya MIN TH kwa akiba ya kutosha, kwa sababu itaendelea kulika. Na kilichoiharibu kiwe kimeshapatikana. Mashine inayokereza diski ikiwa imefungwa garini ni bora, maana inainyoosha kufuata habu yake. Kama baada ya kukereza itabakiza nusu milimita, usijisumbue, weka mpya.

Dalili: kelele

Asubuhi baada ya mvua au kuosha gari, diski huwa na vumbi jekundu la kutu na breki za kwanza hukwaruza. Hiyo huisha baada ya kushika breki mara chache. Haihitaji kitu.

*Mlio mwembamba kama filimbi wakati unaendesha, unaobadilika au kunyamaza ukigusa breki*, kwa kawaida ni kibati cha onyo kilichoungwa kwenye pedi. Kimewekwa makusudi kiiguse diski pedi zikibaki kama milimita 2 au 3. Pedi mpya nyingi huanza na milimita 10 hadi 12 za nyama, na mimi huzitoa zikifika 3, sisubiri zaidi. Chungulia pedi zote mbili, ya nje na ya ndani. Ya nje unaiona kirahisi kupitia rimu, ya ndani ndiyo hudanganya. Nimeona ya nje ikiwa nusu na ya ndani imebaki bati tupu.

*Mlio mkali unaposhika breki kidogo* mara nyingi ni pedi zinazotetemeka mahali pake. Angalia vibati vyembamba vya nyuma ya pedi kama vipo, vishikizo vya springi kama havijalegea, na masikio ya pedi kama yanateleza kwenye nafasi zake. Safisha nafasi hizo kwa brashi ya waya, paka grisi ya breki kiduchu kwenye masikio na mgongoni mwa pedi. Grisi isiguse kabisa uso wa pedi wala wa diski. Uso wa pedi ukiwa unang'aa kama kioo, umeungua kwa joto. Kuukwangua kunasaidia kwa muda, pedi mpya ndilo jibu. Pedi iliyolowa mafuta ya breki au grisi haioshwi ikapona. Itupe, na utafute mafuta yalikotoka.

*Kelele kali ya ghafla, baada ya barabara ya changarawe, isiyobadilika ukishika breki*: ni kijiwe kati ya diski na bati la kuzuia vumbi lililo nyuma yake. Rudi nyuma mita chache, songa mbele, mara nyingi hudondoka. Kisipodondoka, toa gurudumu na ulisogeze bati kwa vidole diski ikiwa imepoa. Bati hilo hilo likipindishwa na mtu aliyekuwa akifanya kazi nyingine, hulia vilevile.

*Krr, krr, krr inayofuata mzunguko wa gurudumu*: mdomo wa kutu ukingoni mwa diski umekua mpaka unagusa pedi au mabano ya kalipa. Ukiwa na diski yenye unene mzuri, mdomo unaweza kukerezwa. Kwa kawaida lakini, diski iliyojenga mdomo mkubwa hivyo iko karibu na mwisho wake.

*Tak moja ukitoka rivasi kwenda mbele*: pedi inahama kwenye mabano yake. Tafuta springi zilizosahaulika na fundi aliyetangulia.

Kusaga kwa chuma kumeshatajwa juu. Usiseme utafika nao nyumbani. Pedi ikiisha, bati lake linachimba diski katika safari chache tu, na pistoni inayosukuma pedi ndani ya kalipa inaweza kusukumwa nje kupita mpaka wake na mafuta yakamwagika.

Dalili: gari linavuta upande, au gurudumu moja lina moto

Pima upepo wa matairi kwanza. Tairi la mbele lenye upepo kidogo huvuta gari, na watu wamebadilisha kalipa kwa ajili yake.

Likivuta ukishika breki tu, huvuta kuelekea upande unaofanya kazi. Mgonjwa ni wa upande wa pili. Likivuta hata bila breki na gurudumu moja lina harufu ya kuungua, mgonjwa ni huyo huyo mwenye moto. Endesha kilomita 10 hivi ukitumia breki kidogo, simama mahali salama, na usogeze mgongo wa kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Linganisha kushoto na kulia, mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma. Tofauti kubwa haijifichi. Kipimajoto cha kuelekeza ni bora zaidi kama unacho.

Kinachokwama mara nyingi ni *pini za kalipa*. Kalipa nyingi za magari ya familia zina pistoni upande mmoja. Pistoni husukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili ili ivute ya nje. Kipira cha pini kikichanika, maji na vumbi huingia, pini inaota kutu, na kalipa haitelezi tena. Pedi zenyewe hukueleza. Ya ndani na ya nje zikiachana kwa milimita nyingi, au pedi moja ikilika kwa mshazari kama kabari, nenda kwenye pini. Ukishatoa boliti, pini inatakiwa kuingia na kutoka kwa nguvu ya vidole. Isipotoka, ilowanishe, izungushe huku na huku, itoe, isafishe mpaka ing'ae, na uirudishe kwa grisi ya breki ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha vipira na kuikwamisha upya. Kabla ya kuzitoa weka alama ipi ni ya juu na ipi ni ya chini, kwa sababu kwenye kalipa nyingi hazifanani.

Kisha ni *pistoni*. Irudishe ndani kwa klampu, polepole, ukiangalia kikopo cha mafuta kisifurike. Mafuta ya breki yanakula rangi ya gari. Ikirudi kwa ulaini, ni nzima. Ikigoma, au kipira chake kimechanika na kuna kutu, kalipa ifanyiwe ukarabati au ibadilishwe. Angalizo kwa za nyuma: nyingi zenye breki ya mkono ndani yake zina pistoni ya kuzungusha kama parafujo, na zenye breki ya mkono ya umeme zinahitaji kuwekwa kwanza kwenye hali ya matengenezo kwa kompyuta. Ukizilazimisha kwa klampu utazivunja. Gari lako likiwa na breki ya mkono ya umeme na huna kifaa hicho, hapa ndipo pa kumwachia fundi.

Ya tatu, isiyo ya kawaida ila inayopoteza muda mwingi, ni *mpira wa breki uliovimba kwa ndani*. Nje unaonekana mzima. Mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini hayarudi, na kalipa inabaki imebana. Fundi akilegeza nati ya kutolea upepo na gurudumu likaachia papo hapo, presha ilikuwa imefungiwa, na mpira ndio wa kushukiwa kwanza. Likibaki limebana, ni pistoni au pini. Jaribio hili linafungua njia ya mafuta, kwa hiyo afanye anayejua kutoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta) baadaye.

Unachokiona ukichungulia

Mifereji myembamba ambayo ukucha unaipita bila kunasa si tatizo. Ukucha ukinasa, pima unene ndani ya mfereji, na utafute kilichochimba: kijiwe kilichozama kwenye pedi, au pedi iliyokwisha.

Rangi ya buluu au zambarau inasema diski ilipata moto kupita kiasi. Kama ni upande mmoja, rudi kwenye kalipa. Kama ni zote mbili za mbele, ni mizigo, miteremko au mguu unaopumzika juu ya pedeli. Vinyufa vidogo kama nywele juu ya uso vinahitaji kuangaliwa kila ukaguzi. Vikiungana au kufika ukingoni, diski imekwisha.

Kutu nzito inayokula sehemu ya njia ya pedi huonekana zaidi nyuma, kwenye magari yanayokaa sana na yale ya mseto (haibridi) au ya umeme, ambako mota hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo na breki za chuma hazipati mazoezi. Shika breki kwa uthabiti mara chache kila wiki barabara ikiwa wazi. Njia ya pedi ikishaliwa na kutu upande wake mzima, mazoezi hayatairudisha.

Dalili: breki zinaisha nguvu kwenye mteremko mrefu

Harufu ya kuungua, pedeli ni ngumu lakini gari halipungui: pedi zimepita joto lake. Ikiwa pedeli imekuwa laini ghafla, mafuta ya breki yamechemka. Punguza gia, tafuta mahali salama, simama, na uache zipoe nusu saa au zaidi. Usimwagie maji. Weka mawe kwenye magurudumu badala ya kuacha mguu ukikandamiza pedeli.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 4 (DOT ni daraja la mafuta ya breki lililoandikwa kwenye chupa) ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishafyonza maji, kiwango cha chini kinachokubalika kwake ni 155 tu. Badilisha kila miaka 2. Na usichanganye DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na DOT 3, 4 au 5.1. Pedeli ikibaki laini hata baada ya kupoa, gari halitembei mpaka fundi alione.

Ukifunga diski mpya

Gari lisimame juu ya stendi, kamwe si jeki peke yake. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo. Lilowanishe na upanguse, maana pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Kalipa ifungwe kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake.

Diski iliyoganda kwenye habu usiipige nyundo kwa hasira. Kofia nyingi zina matundu mawili yenye uzi, mara nyingi ya boliti za M8. Kaza boliti mbili kwa kupokezana na diski itajisukuma yenyewe.

Safisha habu mpaka chuma kionekane, na uzunguke kila studi kwa brashi ya waya na msasa. Kisha pitisha kidole. Kidole huhisi gamba ambalo jicho halioni. Diski mpya ioshe kwa kisafishio cha breki ili kuondoa mafuta ya kuzuia kutu, badilisha kushoto na kulia pamoja, na uweke pedi mpya. Kabla ya kusogeza gari, pampu pedeli mpaka iwe ngumu. Pampu ya kwanza itazama, na anayesahau hili hugundua akiwa tayari amewasha gari na linatembea.

Kuzoeza: barabara tupu, kutoka kilomita 60 kwa saa shuka hadi 10 kwa breki ya wastani, bila kusimama kabisa, kisha ongeza mwendo tena. Rudia mara 8 hadi 10. Baada ya hapo endesha dakika 10 karibu bila breki ili zipoe zikitembea. Kama kifungashio cha pedi kina maelekezo yake, fuata hayo. Kwa siku hizo za kwanza, ukisimama kwenye taa na breki zina moto, acha nafasi mbele yako, na ulegeze pedeli kidogo ili gari lisogee nusu mita, pedi zisikae sehemu moja ya diski.

Baada ya kilomita 100 hivi, rudi kwenye nati kwa toki renchi, magurudumu yakiwa yamepoa.